Nilisagwa mkono na jenereta, sasa naambiwa nisaini kwamba sina madai

Shikamoo mama.

Nina miaka 34, nina mke na watoto wawili, tunaishi Sakina, Arusha. Naandika kwa kidole gumba cha mkono wa kushoto, kwa hiyo nivumilie nikikosea. Huu ni mwaka wa tatu nafanya kazi kwenye kampuni inayokodisha na kufunga majenereta. Mkataba wa maandishi sina. Mshahara wangu ni shilingi 350,000, naingiziwa kwenye simu kila mwisho wa mwezi.

Wiki tisa zilizopita tulipeleka jenereta ya dizeli kwenye hoteli moja. Lori halikuweza kufika kwenye kibanda cha jenereta, njia ilikuwa nyembamba. Kampuni ina winchi ya mnyororo, lakini siku hiyo ilikuwa kwenye kazi nyingine, na msimamizi akasema hatuwezi kuisubiri, mteja anataka umeme kabla giza halijaingia. Tulikuwa wanne. Kibao cha ubavuni kiliandikwa kilo 340. Tukapitisha mabomba mawili ya chuma chini yake, tukabeba wawili mbele, wawili nyuma. Tulipofika kwenye sakafu ya zege nikaingiza mkono chini ya fremu ili nitoe bomba la upande wangu. Mwenzetu mmoja akasema "tua". Mimi nilisikia "tulia". Wale watatu wakashusha.

Chuma cha chini kikakalia vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Sikupiga kelele. Nilisikia kwanza sauti, kama mtu anavunja karanga, ndiyo maumivu yakafuata. Waliinua kwa mtaimbo nikautoa mkono. Glavu ilikuwa imelowa damu, sikutaka kuivua nione.

Dereva alinikimbiza hospitali. Pale mapokezi wakauliza nimeumiaje, wakasema kama ni ajali ya kazini walete PF3, ile fomu ya polisi, na barua ya mwajiri. Dereva akampigia msimamizi, naye akajibu: "Semeni ameanguka bafuni, tusianze mambo ya polisi." Dereva akasema hivyo na mimi nikanyamaza. Nilichotaka ni nitibiwe. Kwa hiyo faili langu linasema nilianguka bafuni.

Kidole cha pete walikikata pingili ya juu. Cha kati walikipitisha waya, wakanifunga hogo wiki tano. Waya zimeshatolewa, lakini kidole hakikunjiki. Ile ncha iliyokatwa, hata shuka ikiigusa usiku naruka. Ikifika jioni kiganja kizima kinavimba. Waliniambia nihudhurie mazoezi mara mbili kwa wiki, kila siku shilingi 15,000. Nilienda mara mbili nikaacha, maana hizo ndizo pesa za unga. Usingizi nao umekuwa wa shida, nikifumba macho naona lile jenereta linashuka.

Kampuni ililipa gharama za mwanzo za hospitali na kunipa laki moja ya maziwa. Mwezi wa kwanza mshahara uliingia wote, wa pili ukaingia nusu. Jumatatu ya wiki iliyopita meneja akaniita ofisini, akasema nafasi yangu imefungwa, hawawezi kukaa na mtu wa mkono mmoja. Akanipa karatasi nisaini: kwamba nimepokea shilingi 500,000 kama malipo ya mwisho na fidia, na sina madai yoyote sasa wala baadaye. Nikamwambia nitaisoma nyumbani. Amenipa mpaka Ijumaa hii. Akaongeza kwamba nikienda serikalini nitaulizwa kwa nini nilidanganya hospitali, na kwamba ajali yenyewe ni uzembe wangu, nani aliniambia niingize mkono.

Juzi tulikuwa kwenye msiba wa jirani. Sahani ya pilau ilipoletwa nikala kwa kushoto. Mzee mmoja alinitazama mpaka nikaacha chakula. Nimerudi nyumbani sijashiba na sijamwambia mke wangu sababu.

Mama, nisaini? Hizo laki tano nazihitaji kweli, kodi ya nyumba imefika. Na ule uongo wa bafuni ndio umenimaliza? Na huu mkono utarudi?

Baba wa Wawili, Sakina

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole kwa mkono, na pole kwa ile sahani ya pilau.

Usisaini. Ijumaa nenda kama ulivyoahidi, useme kwa adabu: nimesoma, sikubaliani nayo, naomba nakala. Wakikataa kukupa nakala, ile uliyonayo nyumbani ipige picha leo kabla hujairudisha. Wakikuingizia hizo laki tano kwenye simu bila saini yako, waandikie ujumbe palepale kwamba umezipokea kama sehemu ya mshahara unaowadai, si kama mwisho wa madai. Ujumbe huo usiufute. Najua kodi ya nyumba haisubiri. Lakini angalia hesabu nitakayokuonyesha huko chini, ndipo uone laki tano ni kitu gani.

Nianze na bafuni, kwa sababu naona ndipo palipokufunga.

Nimekuwa muuguzi wa wodi ya mifupa kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimeandika kwa mkono wangu kwenye mafaili neno "ameanguka" huku aliye mbele yangu ana grisi mpaka kwenye kiwiko. Foleni ni ndefu, mgonjwa anavuja damu, aliyemleta anajibu haraka haraka, na wewe unaandika ulichoambiwa. Sikuwahi kujua, mpaka nilipoanza kupokea barua kama yako, kwamba lile neno moja ndilo mtu anakuja kuonyeshwa baadaye na kuambiwa huna kesi. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Sasa sikiliza. Mtu akianguka bafuni hujikinga kwa kiganja, na mara nyingi kinachovunjika ni kifundo cha mkono. Kuanguka hakusagi vidole viwili vilivyo jirani kwa mstari mmoja, kimoja mpaka kikatwe. Daktari aliyekupasua aliona hivyo kwa macho yake, na eksirei zipo. Rudi kwake. Mweleze kama ulivyonieleza mimi: siku, mahali, jenereta, nani alisema nini mapokezi na kwa nini ulinyamaza. Mwombe aongeze maelezo hayo kwenye faili kwa tarehe ya leo. Sikiliza vizuri neno hilo, aongeze. Usimwombe afute ya zamani, wala asije mtu yeyote akakushawishi "tutengeneze" karatasi yenye tarehe ya siku ile. Maelezo yaliyochelewa yanaeleweka, lakini karatasi ya kughushi itakuangusha hata kwenye yale yaliyo kweli.

Na ushahidi unao mwingi kuliko unavyodhani. Hoteli ina geti, na geti lina mlinzi mwenye daftari. Namba ya lori, saa mliyoingia, na saa lori lilipotoka likikimbia, yote yameandikwa kwenye daftari hilo. Nenda kaombe kupiga picha ukurasa wa siku ile kabla daftari halijajaa likatupwa stoo. Wenzako watatu walikuwepo. Dereva alikuwepo, tena ndiye aliyepokea agizo kwenye simu yake. Kama mna kundi la WhatsApp la kazi, tafuta ujumbe wa siku ile, picha za jenereta, hata ule wa "poleni" uliofuata. Na zile meseji za mshahara za kila mwezi ndizo zinazoonyesha wewe ni mfanyakazi wa nani.

Hapo hapo nimalize hofu ya mkataba. Kutokuwa na karatasi hakukufanyi usiwe mwajiriwa. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi kama, pamoja na mambo mengine, anapangiwa kazi na saa na mwenye kazi, anatumia vifaa vya mwenye kazi, au amemfanyia kazi wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya karibuni. Wewe umefanya miaka zaidi ya miwili.

Sasa fidia yenyewe. Tanzania Bara tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 na kuanza kazi Julai 2015. Kila mwajiri anatakiwa ajisajili na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa, kutoka mfukoni mwake, bila kumkata mfanyakazi hata senti. Mtu akiumia kazini anamwarifu mwajiri, na mwajiri anapaswa kupeleka taarifa WCF ndani ya siku 7. Wa kwako hakupeleka, na huenda hata hajajisajili. Hilo ni kosa lake, lisikuzuie. Nenda mwenyewe ofisi ya WCF ukaripoti, uwaambie mwajiri amekaa kimya. Muda wa kuwasilisha taarifa ya ajali ni miezi 12 tangu siku ya ajali. Wewe una wiki tisa tu. Kwa upande huo hujachelewa hata kidogo.

Meneja anasema ni uzembe wako. Mfuko huu haukuwekwa ili kutafuta mkosaji kwanza. Kinachotazamwa ni kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi. Sheria inamkatalia aliyejiumiza kwa makusudi, au kwa utovu mkubwa wa kusudi, na hata huko kuna nafuu kwa aliyepata ulemavu mkubwa. Kuingiza mkono utoe bomba ambalo lazima litoke ili jenereta ikae chini, hiyo ni kazi uliyotumwa.

Sasa hesabu. Muda usioweza kufanya kazi kwa sababu ya jeraha, malipo ni asilimia 70 ya mshahara wako kwa mwezi, na yanaweza kwenda mpaka miezi 24. Kwa 350,000 ni shilingi 245,000 kila mwezi. Miezi miwili na siku chache tu imeshazidi laki tano za meneja. Na hapo bado matibabu, ambayo Mfuko unayagharamia, yakiwemo hayo mazoezi ya shilingi 15,000 uliyoyaacha. Tunza kila risiti, hata ya bajaji ya kwenda hospitali na ya dawa za maumivu. Na hapo bado ulemavu wa kudumu. Matibabu yakifika mwisho wake, daktari anapima umepoteza asilimia ngapi. Ikiwa ni 30 au chini yake unalipwa kwa mkupuo. Ikizidi 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Wewe umepoteza pingili moja kabisa, na kidole cha pili bado hakijulikani kitaishia wapi. Anayekutaka usaini leo anataka ukubali bei ya mkono ambao hata daktari hajamaliza kuupima.

Kuna jambo lingine lenye saa fupi zaidi, na hili ndilo linanitia haraka. Kuachishwa kazi kuna mlango wake, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni siku 30 tangu siku uliyoachishwa. Hesabu kuanzia Jumatatu ile uliyoitwa ofisini. Unajaza Fomu CMA F.1, unampa mwajiri nakala, unaipeleka ofisi ya CMA ya Arusha. Ukichelewa kuna fomu ya kuomba kuongezewa muda, lakini usijipeleke huko bila sababu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinamtaka mwajiri aangalie ukubwa wa jeraha, kama kuna kazi nyingine unayoweza kupewa, au kazi ile ile ikarekebishwa, na zinamtaka ajitahidi zaidi pale mtu alipoumia kwenye kazi yake mwenyewe. Kampuni ya kukodisha majenereta ina stoo, ina daftari la mafuta, ina simu za wateja za kupokea. "Hatuwezi kukaa na mtu wa mkono mmoja" si utaratibu wa kumwachisha mtu kazi.

Na ule mshahara wa nusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Wiki tisa ni siku 63. Hawakuwa na msingi wa kukukata nusu mwezi wa pili, mradi una karatasi za ED za hospitali, zile za kukupumzisha kazi. Kama hukuchukua ED kila ulipohudhuria, uliza siku ile ile utakayokwenda kurekebisha faili. Ujue tu kwamba hulipwi mara mbili kwa siku zile zile, mara na mwajiri mara na Mfuko, kwa hiyo waeleze wote wawili ukweli wa ulichokwisha pokea, pamoja na ile laki ya maziwa. Kama kuna tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO jirani, waone hata kama si mwanachama, wanajua kukaa na mtu kujaza fomu.

Basi, mkono.

Mwanangu, hapa nitakugombeza kidogo. Mazoezi uliyaacha kwa sababu ya pesa na sikulaumu, lakini ni lazima uyarudie wiki hii. Kidole kilichovunjika na kulala kwenye hogo wiki tano kinafanya mambo mawili kwa pamoja: maungio yanakakamaa, na zile kano zinazovuta kidole zinanasa kwenye kovu. Mwanzoni kovu hilo ni laini kama ugali wa moto, unaweza kulivuta likafuata. Miezi ikipita linakuwa kama ugali uliolala. Nimeona wanaume wenye nguvu za kubeba gunia la kilo 100 wakishindwa kushika kijiko, si kwa sababu upasuaji ulikosewa, ila kwa sababu waliogopa maumivu wakaufunga mkono kifuani miezi mitatu. Kidole chako kutokunjika wiki chache tu baada ya hogo kutoka ni jambo la kawaida. Kikikaa hivyo bila kufanyiwa kazi, ndiyo hatari.

Ukirudi, muulize mtaalamu wa mazoezi akufundishe ya kufanya nyumbani, ili hata wiki usiyo na nauli mkono usilale. Atakaporidhia, yako mengi ya jikoni yanayosaidia. Osha vyombo kwa maji ya uvuguvugu, ukamue sponji ndani ya maji. Kanda unga wa chapati wa watoto. Na dawa niliyoipenda kuliko zote wodini: ungo. Kaa na mkeo mchambue mchele, wewe utoe mawe kwa mkono wa kulia, punje kwa punje, gumba na kidole cha shahada, kisha gumba na cha kati. Dakika 10 asubuhi, 10 jioni. Siku za kwanza utamaliza ungo mmoja kwa nusu saa na jasho litakutoka. Maumivu ya kunyoosha yanayotulia baada ya muda mfupi si mabaya. Yakibaki mpaka kesho yake na uvimbe ukaongezeka, umezidisha, punguza.

Jioni unapovimba, ukiketi uweke mkono juu ya mto, uwe juu kuliko moyo. Usiuning'inize kwenye kitambaa shingoni kutwa nzima, bega nalo litakakamaa.

Lipo la kukukataza. Kuna watu watakuja na mafuta na maji ya moto wakitaka kukukanda kwa nguvu mpaka kidole "kifunguke". Wakatalie. Kidole kinachovutwa kwa nguvu huvimba upya na kuongeza kovu. Na mkono ulioumia mishipa ya fahamu hauhisi joto vizuri, unaweza kuungua bila kujua. Maji yoyote yapime kwanza kwa mkono wa kushoto.

Ncha inayoruka shuka ikiigusa, hiyo ni mishipa ya fahamu iliyokatwa inajaribu kuota. Huota polepole, kama milimita moja kwa siku. Kuificha kunaizidisha. Izoeshe: pamba kwanza, halafu kitambaa cha kanga, halafu taulo, dakika chache mara kadhaa kwa siku. Lakini ukiona mkono mzima unawaka kama uko karibu na jiko, ngozi inang'aa, inabadilika rangi, inatoka jasho upande huo tu, usingoje siku ya kliniki. Nenda, uyataje hayo yote kwa daktari. Upo ugonjwa wa maumivu unaofuata majeraha ya mkono, na ukiwahiwa mapema una nafuu kubwa.

Umeniuliza kama mkono utarudi. Pingili iliyokatwa haitarudi. Kidole cha kati kinaweza kurudisha sehemu nzuri ya kukunja, pengine si yote. Mtu akiwa na gumba lake zima na cha shahada kizima, kama wewe, anaweza kushika spana, kufunga vifungo vya shati, kuandika. Na kwa kuwa uko Arusha, Moshi haiko mbali: hospitali ya KCMC wana wataalamu wa fiziotherapia na wa tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mtu upya kutumia mkono kwa kazi zake, na palepale kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia viungo. Kidole kikigoma, kipo kifaa kidogo cha kukivuta taratibu. Mwombe daktari wako rufaa, na rufaa hiyo nayo iingie kwenye madai yako ya WCF.

Usiku unapoliona jenereta likishuka, hujapata wazimu. Nimewasikia wagonjwa wakipiga kelele "inueni" usiku wa manane, watu wazima wenye watoto. Kwa wengi hupungua wakishaisimulia ajali kwa mtu wanayemwamini. Anza na mkeo. Wewe imeshapita wiki tisa, kwa hiyo mwambie na daktari pia, ni sehemu ya jeraha.

Wenzako bado wanabeba, najua, na kesho watabeba tena. Wapelekee maneno mawili. Kwenye kushusha awepo mtu mmoja tu wa kutoa amri, naye asibebe, na amri zisifanane sauti: "shusha" na "simama", kamwe si "tua" na "tulia". Na kabla mzigo haujagusa chini, vibao vya mbao viwe vimeshalala sakafuni, ili fremu ikae juu ya mbao na mabomba yachomolewe bila kidole cha mtu kupita chini. Vibao vinne vya mabaki ya fundi seremala vingetosha siku ile. Kilo 340 kwa watu wanne ni kilo 85 kila mmoja, na hiyo ni kama uzito umegawanyika sawa, jambo ambalo halitokei njia ikiwa nyembamba. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 liliweka kilo 55 kuwa ukomo kwa mwanamume mzima. Kazi ile ilikuwa ya winchi, na winchi ilikuwepo. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi ya kanda hapo Arusha, na taarifa ya ajali yako ikiwafikia wanaweza kwenda kukagua kabla hajasagwa mwingine.

Yule mzee wa msibani hakujua. Ukikaa tena na watu kwenye sinia, kunjua mkono wa kulia uweke wazi juu ya goti, waone, kisha ule kwa kushoto au uombe kijiko. Dini na mila zote mbili zina nafasi kwa mwenye udhuru. Ukiuficha ndani ya mfuko wa koti, mzee atajuaje?

Kesho asubuhi anzia hospitali, kwa daktari na faili lako, halafu hotelini kwa lile daftari la getini, halafu WCF. CMA iwe kabla wiki hii haijaisha. Usiende peke yako. Mchukue yule aliyekuwa amesimama upande wa pili wa jenereta, aliyesema "tua". Nina hakika naye hapati usingizi.